Nyumba ya Kumi na Moja

Mpaka leo Safina akinusa ufutio wa shule humkumbuka yule fundi wa Mwanga, mkimbizi kutoka Uvira, aliyemtengenezea kompyuta yake ya kuungaunga vipuri. Kila ilipoganda, alichomoa ram zote mbili, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu ya kompyuta, akayasugua meno ya vibao hivyo yenye rangi ya dhahabu kwa ufutio, taratibu, kama anayemsugua mtoto visigino, kisha akairudisha moja na kuijaribu peke yake. Jaribio lilikuwa lile lile: kuandika majina ya majirani aliowaacha ng'ambo ya ziwa, nyumba kwa nyumba, kuanzia ufukweni kupanda juu, huku akiyatamka kwa sauti ya chini. Mashine ikiganda nyumba ya nne, alianza upya. Siku alipoing'amua ram mbovu na kuiweka kando, majina yalitiririka mpaka nyumba ya kumi. Hapo akaacha kuandika.

"Imeganda tena?" Safina akauliza.

"Hapana, mama. Mashine iko muzima."

Kweli, kimstari cha kuandikia kiliendelea kuwakawaka kwenye kioo, kikingoja. Kidole cha fundi kilibaki hewani, kikitafuta nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya nani.