Mchanga wa Baba Mkubwa

Harufu ya thina ikinipitia puani, hata leo, narudi Kibiti, kwenye gereji ya baba kabla haijafunguliwa. Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa ameacha kukata mikoko kisiwani kwao, akajifunza pikipiki mpaka akaziweza, lakini alizitengenezea kibandani, kwenye vumbi, nati ikidondoka tunaitafuta nusu saa. Sasa alikuwa amesimamisha kuta na bati, imebaki sakafu tu. Mama alishamwambia wazi, mbele yangu: "Hii ikishindikana, Baba Zuhura, mimi kwenye mikoko sirudi." Kwa hiyo ile sakafu niliiona ndiyo nyumba yetu nzima.

Siku ya zege akafika baba mkubwa, kaka yake baba. Alikuwa amepakia magunia ya mchanga kwenye boti hadi Nyamisati, kisha kwenye lori hadi mlangoni kwetu. Mchanga mweupe, laini, unateleza vidoleni. "Wa kwenu huo, mdogo wangu," akasema, shati limelowa mgongoni. "Usije ukasema hukuletewa kitu." Fundi Hamadi, aliyekuja kumwaga zege, akachota kidogo, akaramba, akatema. "Una chumvi huu. Onja mwenyewe. Au basi tuuoshe kwanza." Baba mkubwa akacheka: "Nyie watu wa bara, chumvi mnaijulia kwenye mchuzi tu!" Wote wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Baba aliutazama mchanga, akamtazama kaka yake. Hakuonja. Kwetu zawadi ya mkubwa hairudishwi, sembuse kuoshwa mbele yake. "Changanya, fundi," akasema taratibu.

Tuliimwagilia sakafu siku saba, mimi na ndoo yangu, magunia yametandikwa juu ili zege lisipasuke. Ikaachwa wiki kadhaa ikauke. Kisha baba akaja na kopo la dawa ya sakafu, ile ya kijivu inayoziba vitundu ili oili isipenye. Tulipaka tukirudi kinyumenyume kutoka ukutani hadi mlangoni, macho yanatuwasha kwa thina iliyomo, tunaimba. Ilipokauka iling'aa hadi nikaona bati la juu limelala chini. Baba akanionyesha pembe moja. "Pale utakaa wewe na spana zako." Sijawahi kupewa ahadi tamu kama hiyo.

Vuli ilipoanza, dawa ikavimba malengelenge. Nikabonyeza moja kwa kidole cha mguu, likapasuka, pakatoka unga mweupe. Nikauonja. Baba alikwangua, akapaka upya; chumvi ikapanda tena. Mwishowe zege likaanza kumeguka, stendi za pikipiki zikawa zinazama. Vijana wa bodaboda wakatubandika jina la samaki mkavu wa chumvi, wakapita wakipaza sauti: "Oya, leo Gereji ya Ng'onda mmetuwekea samaki gani?" Halafu wakawa hawapiti kabisa. Baba mkubwa alipokuja kututembelea, baba alitandika mkeka juu ya pale palipooza zaidi. "Sakafu nzuri, kaka," akamwambia, naye akasali palepale, akatuombea riziki. Mama alisikia yote kutoka mlangoni. Mchuma janga hula na wa kwao. Baba akarudi kwenye mikoko peke yake, na mama akashika neno lake.

Leo mimi ni fundi pikipiki Ikwiriri, kwa watu, lakini kiwanja changu ninacho na gereji yangu naichora kwenye kila karatasi ninayoiona. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mchanga wowote ninaoukuta njiani nauramba. Wenzangu wananicheka, nami nacheka nao. Ila mwezi uliopita baba mkubwa alinipigia, sauti imezeeka. "Mwanangu, nasikia unajenga. Nikuletee mchanga wa kwenu?" Nilifungua kinywa nimwambie kuhusu ile chumvi. Yakatoka mengine: "Asante, baba mkubwa. Ulete." Sasa natafuta pipa kubwa. Nitauosha akishageuza mgongo, jambo ambalo baba hakuliwaza, au aliliwaza akaona haya.