Mama Zege na mtihani wa tatu

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Mama Zege anautoa mchemraba wa zege kwenye tangi la maji, anaupangusa kwa kipande cha gunia na kuupandisha kwenye mizani. Kilo nane na gramu mia moja. Anauandika uzito huo daftarini kwa penseli, kisha anaubeba kwa mikono miwili hadi kwenye mashine ya kukandamiza. Anauweka katikati, anausogeza kidogo kwa kidole gumba, anautazama, anausogeza tena.

Mashine inanguruma. Mshale wa kuonyesha mzigo unapanda taratibu: mia tatu, mia nne, mia tano. Halafu unasikika mlio mkavu, kama wa ukuni unaovunjwa gotini, na mchemraba unabanduka pembeni.

"Mia sita na nne," anasema. Kabla hajagusa kikokotoo anaongeza, "Nguvu ni ishirini na sita nukta nane. Walitakiwa ishirini na tano. Hawa wameweka saruji yote, hakuna aliyebeba mfuko kwenda nao nyumbani."

Hesabu ya kikokotoo inakuja hiyo hiyo.

Ana miaka arobaini na saba, na hii ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa katika maabara ya vifaa vya ujenzi. Jina la Mama Zege alipewa na madereva wanaoleta sampuli, na limemganda hasa. Hata mkuu wake wa kazi analitumia, tena mbele ya wageni.

Kwa kukadiria, amevunja michemraba zaidi ya elfu arobaini. Nyumba za kupanga, matangi ya maji, zahanati, madaraja madogo: vyote vimepita mikononi mwake vikiwa vipande vya ukubwa wa tofali. Lakini katika kila karatasi ya majibu anayoiandaa, sahihi ya mwisho si yake. Yeye ni fundi sanifu. Anayeruhusiwa kutia sahihi ni mhandisi mwenye leseni.

Shahada ya uhandisi anayo. Aliisomea jioni na siku za mapumziko kwa miaka saba, akahitimu akiwa na arobaini na tatu. "Siku ya mahafali, yule wa mbele yangu na yule wa nyuma yangu ukijumlisha umri wao, unanipata mimi," anasema, akicheka.

Alidhani safari imeishia hapo. Shahada kwenye fremu, fremu ukutani, maisha yaendelee.

Kilichombadilisha ni nguzo za ghorofa ya shule. Michemraba mitatu ililetwa asubuhi moja, na yote mitatu ikavunjika mapema mno. Nguvu iliyotakiwa ilikuwa ishirini na tano. Yeye alipata kumi na nne.

Mkuu wa maabara alikuwa likizo. Mama Zege akampigia simu msimamizi wa ujenzi ule, akamwambia wasimwage zege la juu mpaka nguzo zikaguliwe.

"Aliniuliza, 'Dada, wewe ni mhandisi?' Nikamwambia mimi ni fundi sanifu. Akasema, 'Basi nitasubiri simu ya mhandisi.' Akakata. Hakunitukana, hapana. Alizungumza kwa adabu kabisa. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi."

Zege la juu likamwagwa. Mkuu aliporudi baada ya siku sita, akasoma majibu na kwenda mwenyewe kusimamisha kazi. Ghorofa ile ikabomolewa kabla mwanafunzi yeyote hajaingia. Hakuna aliyeumia.

Hata hivyo Mama Zege alikwenda kutazama ubomoaji. Alisimama nje ya uzio kuanzia asubuhi hadi mchana, akahesabu mianya ya milango ya madarasa iliyokuwa imeachwa kutani. Ilikuwa minane. Wiki iliyofuata akajaza fomu ya mtihani wa kwanza wa leseni, ule wanaofanya vijana waliotoka chuoni juzi.

Mtihani huo, wa kwenye kompyuta, ni maswali mia moja ya fani zote za uhandisi kwa saa tano. Ukigawanya, kila swali lina dakika tatu. Alama za kufaulu ni sitini. Ukianguka mara tatu, bodi inakuzuia kwa miaka miwili kabla ya kujaribu tena.

Mara ya kwanza alipata arobaini na nane. Umeme ulimshinda na uchumi ulimyumbisha, lakini kilichommaliza hasa ni swali la zege.

Anaeleza kisa hicho huku akijifunika uso kwa kiganja. Swali liliuliza kwa nini mchanganyiko fulani umekosa nguvu, na kulikuwa na majibu manne ya kuchagua. Yeye aliona yote manne yana kasoro. Akaanza kuchora, kukokotoa na kubishana na kompyuta kimoyomoyo. Alipoinua macho, dakika ishirini na mbili zilikuwa zimepita. Mengine aliyoyajua aliyafanyia vivyo hivyo, na maswali thelathini na moja ya mwisho hakuyafikia kabisa.

"Watu wanaangushwa na wasichokijua," anasema. "Mimi niliangushwa na ninachokijua."

Mara ya pili alikazana na muda, akapata hamsini na saba. Katika maswali kumi na mawili ya umeme alipata moja, na hilo anakiri alibahatisha.

Matokeo hayo hakumwambia mtu. Alimdanganya mumewe kuwa bodi imechelewa kuyatoa. Mume, fundi cherehani mpole mwenye futi ya kupimia shingoni muda wote, hakuuliza zaidi. Alikwishajua.

"Nilirudi nyumbani nikakuta mapazia yote yamefuliwa," anasema mume. "Ya sebuleni, ya chumbani, mpaka kile kitambaa cha dirisha la jikoni. Mke wangu akiudhika hagombani na mtu. Anafua mapazia. Nikajisemea, hapa tumeanguka."

Alimwachia siku mbili, kisha akamwita dukani kwake. Akamwonyesha gauni lililotundikwa nyuma ya mlango.

"Unaliona hili? Zipu yake imenigomea tangu jana. Ningekaa nayo, wateja watano wangekosa nguo. Nimeliweka pembeni. Nikimaliza za wenzake nitalirudia, na zipu itakuwa imeshapata adabu. Wewe, mke wangu, ukikutana na zipu unakaa nayo mpaka duka linafungwa."

Hapo ndipo maandalizi ya mtihani wa tatu yalipoanza, na safari hii familia nzima iliingia kazini.

Umeme alikabidhiwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye hutandaza nyaya kwenye nyumba za watu. Shule aliiacha darasa la saba. Alipoonyeshwa kitabu alikifungua, akakitazama, akakifunga taratibu kama mtu aliyekosea mlango. Jumamosi iliyofuata alikuja na mfuko wenye betri, nyaya na balbu tatu ndogo.

"Shemeji, umeme haukaririwi," alimwambia. "Umeme unapita. Wewe tazama unapita wapi, basi."

Aliziunga balbu mbili kwa kufuatana, zikawaka kwa unyonge. Akazifungua, akaziunga sambamba, kila moja na njia yake, zikawaka vizuri. Mama Zege, ambaye kanuni za vitu hivyo alikuwa amezikariri kwa miaka, alizitazama balbu zile kwa muda mrefu.

"Kumbe ndiyo hivi tu," akasema.

"Ndiyo hivi tu," shemeji akajibu. "Ulidhani ni nini?"

Tangu hapo kila Jumamosi mchana wanakaa pamoja. Shemeji anaunga, Mama Zege anaandika kanuni ya kile kilichoungwa, kisha anamweleza. Siku moja shemeji alikokotoa mwenyewe unene wa waya wa jiko la umeme, kwa mara ya kwanza maishani bila kukisia. Karatasi ile aliikunja akaitia mfukoni mwa shati na kuondoka nayo.

Muda ulikuwa mikononi mwa mama mkwe. Huyu ni bibi wa miaka sabini na tisa, mfupi, mwenye maneno makali na mkono mwepesi wa kutoa. Mwanzoni jambo hili lilimchekesha. "Mtu mzima na wajukuu wako njiani, unafanya mtihani wa nini?" aliuliza. "Unataka uchaguliwe kiranja?"

Lakini aliposimuliwa habari ya nguzo za shule, alivuta kiti akaketi. Kisha akauliza saa ya ukutani iko wapi.

Kusoma hajui, ila mishale ya saa anaijua. Kila Jumapili mchana, duka la mwanawe likiwa limefungwa, Mama Zege anakaa kwenye meza ya kukatia vitambaa na mtihani wa mazoezi, na bibi anakaa mkabala naye na vikombe viwili. Kimoja kina vifungo kumi. Kila nusu saa ikitimia anahamisha kifungo kimoja kwenda kikombe cha pili. Kifungo kimoja ni maswali kumi. Vifungo vikitangulia, mtahiniwa amechelewa.

Jumapili ambayo mwandishi wa makala haya alikuwepo, kifungo cha nne kilianguka kikombeni Mama Zege akiwa swali la thelathini na tatu, kidole hewani, midomo ikichezacheza.

"Vifungo vimekuzidi, mwanangu," bibi alisema bila kupandisha sauti. "Liache hilo."

"Mama, hili nalijua."

"Ndiyo maana nasema liache. Tangu lini mtu akakimbiwa na anachokijua? Utalikuta hapo hapo. Nenda mbele."

Mama Zege alienda mbele. Siku hiyo alimaliza maswali yote mia kwa mara ya kwanza, dakika sita kabla ya muda. Bibi alikimiminia kitambaani kikombe cha vifungo, akahesabu tisa, cha kumi kikiwa bado kwenye kikombe cha kwanza, akasema, "Leo umefika. Sasa nipeni chai, na mimi nimechoka."

Kazini nako hakukosa msaada. Mkuu wa maabara, mhandisi anayekaribia kustaafu, alimpa ufunguo wa chumba cha matangi asomee humo wakati wa mapumziko ya mchana. Humo ni baridi na hakuna simu inayoshika. Kwa miezi mitano Mama Zege alikula mkate wake akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kitabu magotini, michemraba ya watu ikilala majini kando yake.

"Siku za kwanza nilikuwa nachungulia nimwone," anasema mkuu huyo. "Baadaye niliacha. Nilijisikia vibaya, kwa sababu mimi nilipoufanya mtihani ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, nakula kwa mama, na bado nililalamika."

Mtihani ulikuwa Alhamisi, saa tatu asubuhi, katika ukumbi wenye kompyuta arobaini na viti vinavyolia kila mtu akijisogeza. Mume alifunga duka akamsindikiza hadi getini. Alimwambia neno moja tu: "Zipu." Mke akaitikia kwa kichwa.

Walioketi karibu naye walikuwa vijana watupu. Msichana wa kushoto alimwamkia shikamoo kisha akamuuliza, "Mama, wewe ndiye msimamizi wetu?" Akamjibu, "Hapana, binti yangu. Nami nimekuja kuhangaika kama nyie."

Swali la ishirini na sita lilikuwa la zege. Anasema alilisoma, akaona kosa lililomo, mikono ikaanza kumwasha. "Niliuma ulimi. Nilichagua jibu wanalolitaka wao, nikaenda mbele. Lilinifuata mpaka swali la thelathini, ndipo likachoka."

Matokeo yalitoka baada ya siku kumi na moja, Jumatatu, kwenye simu. Mama Zege aliyasoma akiwa chumba cha mashine, glavu mkono mmoja. Akampigia mumewe, lakini sauti ikamgomea. Upande wa pili, mume alisikia pumzi tu.

"Usilie," akamwambia. "Sikia, miaka miwili si mingi. Tutarudia. Mama yupo, vifungo vipo. Tutarudia tu, mke wangu."

Mke akaivua glavu kwa meno.

"Haturudii," akasema Mama Zege. "Sitini na sita."

Mume anasema hakumbuki alijibu nini. Mteja aliyekuwa akipimwa suruali anakumbuka: fundi aliketi sakafuni, na futi ikiwa bado imemzunguka mteja kiunoni.

Kufaulu kwa sitini na sita hakujampa bado haki ya kutia sahihi. Mtihani huu ni mlango wa kwanza. Sasa anatakiwa afanye kazi miaka minne chini ya mhandisi mwenye leseni, kisha afanye mtihani wa pili, mrefu zaidi. Atakuwa na miaka hamsini na moja.

Angeweza kuitumikia miaka hiyo hapo hapo maabara, kivulini, penye kiti chake. Mkuu wake alimwomba abaki. Yeye ameomba kwenda kwenye ujenzi wenyewe, na Jumatatu ijayo anaanza kazi kwenye daraja la waenda kwa miguu, chini ya mhandisi aliyemzidi kifungua mimba wake kwa miaka mitatu tu. Viatu vya kazi tayari amenunua. Anavivaa jioni akipika, ili vilegee.

Haogopi kuanza upya miongoni mwa watoto?

Anaitazama mikono yake.

"Miaka kumi na tisa nimeletewa zege likiwa limeshakauka," anasema. "Likiwa baya, ninachoweza kufanya ni kuandika tu kwamba ni baya. Sasa nataka nifike likiwa bado bichi, nimwambie mtu, ongeza saruji, na aongeze."