Mwalimu Baukje na kazi ngumu ya kutojibu

Saa mbili u nusu asubuhi. Makoti yenye unyevu yameshatundikwa ujiani, viti vimeshakokotwa mpaka vimetulia, na Baukje Haanstra anavuta droo ya meza yake na kutoa ng'ombe.

Ni ng'ombe wa kitambaa, mweusi kwa mweupe kama wale waliojaa mabandani kote hapa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Sikio moja limeshonwa upya. Baukje anamsimamisha mezani, kichwa kikiwaelekea wanafunzi, na kelele zinashuka zenyewe.

"Klaske yuko kazini," anasema. "Mimi sipo."

Kisha anawapa mgongo darasa la nane na kwenda kukaa na wale wa darasa la saba kwenye meza ya duara. Chumba ni kimoja, madarasa ni mawili, mwalimu ni huyuhuyu.

Sheria za Klaske kila mtoto anazijua. Ng'ombe akiwa mezani, hakuna kumwita mwalimu. Kwenye pembe ya kila dawati kuna kete kubwa ya mbao. Upande mwekundu maana yake niacheni nifanye kazi. Kijani, njoo uniulize nikusaidie. Alama ya kuuliza, nimekwama, ila naendelea na kitu kingine wakati nangoja. Ng'ombe akirudi drooni, Baukje anaanza mzunguko wake, njia ileile kila siku, kutoka dirishani hadi mlangoni, akisimama penye alama ya kuuliza tu.

"Watu wanadhani napumzika," anasema huku akicheka. "Jamani, hebu jaribu wewe. Mwone mtoto anakosea mbele ya macho yako, jibu unalo, halafu funga mdomo upite. Hiyo ni kazi ya kutoa jasho."

Baukje ana miaka arobaini na saba, na karibu nusu ya miaka hiyo ameitumia katika shule hii moja ya kijiji cha Terwierum. Mshahara haulalamikii. Anacholalamikia ni uhaba wa mikono. Vijana wamehamia mijini, watoto wamepungua, madarasa yameunganishwa, na mtu wa pili aliyekuwa akimsaidia hakuletwa tena.

Zamani alikuwa mwalimu wa mbio. Mkono ukiinuka kule, yuko kule. Ukiinuka huku, kashafika. "Nilikuwa zimamoto," anasema. "Na nilikuwa naipenda kazi hiyo kupita kiasi."

Lakini leo si siku ya kawaida, na usiku wa kuamkia leo hakupata usingizi wa maana. Mchana ataketi na msichana aitwaye Hylkje Dijkema pamoja na baba yake, na kabla hawajainuka vitini lazima aamue Hylkje apelekwe mkondo gani katika sekondari ya Dokkum. Mkondo wa juu una vitabu vizito, mwanafunzi anajipangia kazi mwenyewe, na hakuna wa kusimama kando yake.

"Nikimpeleka na hawezi, atazama kabla ya Krismasi," anasema Baukje. "Nikimzuia na anaweza, nimemnyima haki yake. Na mtoto ana akili, hilo sina shaka nalo. Sijui tu kama anaweza kuitumia akili hiyo mimi nisipokuwepo."

Chanzo cha wasiwasi wake ni siku ya mafuriko, kisa ambacho Terwierum nzima inakisimulia hadi leo, na kila duka linaongeza chumvi yake.

Ilikuwa Novemba. Klaske yuko mezani, Baukje kawapa mgongo wakubwa, anawafundisha wadogo hesabu za sehemu. Nyuma yake bomba la kipasha joto chini ya dirisha likapasuka. Maji yakaanza kutambaa sakafuni. Na hakuna aliyemwambia. Watamwambiaje, na ng'ombe yuko mezani?

"Nilisikia tu chapa, chapa, chapa, nikageuka," anasimulia. "Mikoba wameipandisha juu ya madawati. Wawili wanadeki. Mmoja kakimbia kumwita mtunza jengo. Na mwingine anawanong'oneza wenzake wadeki taratibu wasinisumbue. Viatu vyangu vimelowa, na mtu anahofia kunisumbua."

Alicheka mpaka akaketi. Halafu akamwona Hylkje.

Hylkje alikuwa mahali pake palepale, kete imeonyesha alama ya kuuliza, miguu yote miwili ndani ya maji. Baukje akamuuliza kwa nini hakuinua hata miguu.

"Hukusema," akajibu mtoto.

Kicheko kikamkauka Baukje mdomoni. Jioni hiyohiyo aliandika ukutani kwa rangi: Maji, damu na moto havimjui Klaske. Lakini jibu la yule mtoto halikufutika.

Asubuhi iliyofuata baba mtu akaingia. Wytse Dijkema ni mfugaji, mrefu kama mlango, na harufu ya zizi humtangulia. Mkononi alikuwa na mfuko, ndani ya mfuko viatu vya bintiye, bado vinadondosha maji. Akaviweka mezani kando ya Klaske.

"Mwalimu, mimi nyumbani nina ng'ombe zaidi ya mia," akasema. "Wote wanatoa maziwa. Huyu wako anatoa nini?"

Darasa likaangua kicheko.

"Anatoa watoto wanaojitegemea," akajibu Baukje.

"Basi wangu kampa mafua."

Utani ukaisha hapo. Wytse akashusha sauti ili watoto wasisikie. "Baukje, tuseme ukweli. Ukikaa naye, anapata nane kwa kumi. Ukimwacha, anapata nne. Hesabu hiyo hata mimi naiweza. Sasa kwa nini usikae naye?"

Swali hilo lilimfuata Baukje mpaka nyumbani, mpaka kwenye sahani ya supu nzito ya njegere. Akamweleza mumewe, Gosse, fundi baiskeli ambaye kwa kawaida haongei sana wakati wa kula. Siku hiyo akaongea.

"Tatizo si mtoto," Gosse akasema. "Wewe unapenda kuulizwa, mke wangu. Tumeoana zamani, na mpaka leo sijui chumvi inakaa kabati gani. Kwa nini? Nikigusa tu mlango wa kabati, umeshafika."

Baukje alikasirika. Aliosha vyombo kwa kishindo, sufuria na sahani zikagombana, na mumewe akapelekwa kulala bila kahawa. "Ilinichoma," anakiri. "Ilinichoma kwa sababu ilikuwa kweli. Zile nane zake zilikuwa zangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikizipata."

Akabadilika. Akifika kwenye dawati la Hylkje katika mzunguko, hakuinama tena na kalamu. Aliuliza maswali mawili tu: umejaribu nini, na sasa utajaribu nini. Kisha akaendelea na safari yake.

Wiki za mwanzo zilikuwa patashika. Hylkje alilia. Alipoteza kifutio, akakipata, akakipoteza tena. Alivunja ncha ya penseli kwa makusudi ili apate sababu ya kusogea mbele. Aliuliza kama tarehe iandikwe kwa wino wa bluu au mweusi. Wahenga walisema mwana akililia wembe mpe, lakini huyu wembe alikuwa hataki hata kuugusa.

"Kuna siku nilikuwa hatua moja tu nirudi kumsaidia," anasema Baukje. "Machozi ya mtoto hayana dawa. Nikaishikilia meza."

Halafu, asubuhi moja ya Desemba, Baukje akiwa katika mzunguko, akakuta kete ya Hylkje imegeuzwa upande mwekundu. Mtoto kainamia daftari, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, wala hakuinua kichwa mwalimu alipopita.

"Nilipita kama sijaona kitu. Nikatoka nje, nikaingia stoo ya karatasi, nikafunga mlango, nikaruka juu. Mtu mzima mimi, naruka peke yangu stoo. Furaha ilinizidi."

Furaha hiyo haikumpofusha. Wekundu wa kete unaweza kuwa kazi, na unaweza kuwa kujificha. Januari ulipokuja mtihani wa asilimia, Hylkje akapata nne. Baba mtu akaiona. Na sasa ni mchana wa siku ya uamuzi, ng'ombe yuko drooni, watoto wengine wameshaenda kwao, na Wytse ameketi kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu yamguse kidevu.

Katika darasa la Baukje, siku ya wazazi haongozi mwalimu. Anaongoza mtoto. Hylkje ameketi upande wa juu wa meza, nywele zimebanwa, karatasi zake mbele yake. Anaanza na ile ya nne.

"Anza na nzuri, mwanangu," anasema Wytse.

"Nzuri mnazijua," anasema Hylkje. "Hii ndiyo niliyojifunza."

Anaeleza. Swali lilisema bei imepunguzwa asilimia ishirini, kisha ikaongezwa asilimia ishirini. Yeye aliandika kwamba inarudi palepale, na hakuona kosa liko wapi. Hakumuuliza mtu. Alirudia kwenye karatasi, akapata kosa lilelile. Akarudia tena. Mwisho akaenda zizini na ndoo ya kunyweshea ndama.

"Niliweka lita kumi za maziwa. Nikapunguza asilimia ishirini, zikabaki nane. Halafu nikaongeza asilimia ishirini ya nane. Zikafika tisa na nukta sita. Nikaikagua ndoo kama ina tundu."

"Kumbe," anasema baba yake. "Ndiyo maana juzi ndama wa mwisho alininung'unikia."

"Haikuwa na tundu," Hylkje anaendelea, hana muda na utani. "Asilimia ishirini ya pili ni ndogo, kwa sababu inahesabiwa kutoka kwenye nane, si kutoka kwenye kumi. Baadaye nilifanya maswali mengine ya namna hiyo. Yote nikapata."

Baukje anayachukua maswali hayo, anayapitia. Ni sahihi. Hakuna alama ya kalamu yake pale, hajawahi kuyaona. Lakini swali lililomnyima usingizi bado halijaulizwa, na anaamua kuliuliza.

"Hylkje, kule Dokkum mimi sitakuwepo, na zizi litakuwa mbali. Ukikwama, utafanya nini?"

Hylkje anafungua mdomo. Anaufunga. Anatazama dirishani. Wytse anajikuna shingo, anamtazama binti yake, anamtazama mwalimu.

"Anachotaka kusema ni kwamba..."

"Baba, subiri," anasema Hylkje. "Nafikiri."

Anarudi kutazama dirishani. Baukje analiona jibu, liko wazi kabisa, limemkaa kwenye ncha ya ulimi, na mtoto anaweka uso uleule wa siku ya mafuriko. Miaka yote ya uzimamoto inamsukuma mgongoni. Anainama mbele.

"Labda kama ulivyofanya na ile..."

"Na wewe, Mwalimu. Subiri."

Hakuisema kwa ufidhuli. Aliisema kama mtu anayeshikilia kitu kwa mikono miwili na hataki kusukumwa. Baukje akarudi nyuma kwenye kiti chake. Wytse akaweka mikono yake mikubwa juu ya magoti. Watu wazima wawili wakanyamaza, wakangoja.

"Nitakaa nalo kwanza," anasema Hylkje hatimaye, polepole. "Nikishindwa, nitalijaribu kwa kitu ninachokijua. Nikishindwa tena nitamuuliza mtu, lakini nitamuuliza pale nilipokwama tu, si kila kitu. Na nitapata nne nyingine, najua. Nne haiui mtu."

Baukje hakuhitaji kusikia zaidi. Akavuta fomu, akaandika mkondo wa juu, akatia sahihi.

"Niambie ukweli," anasema Wytse. "Umeandika hivyo kwa sababu ya majibu yake, au kwa sababu kakunyamazisha?"

"Kwa sababu katunyamazisha wote wawili."

Mfugaji anacheka, kicheko kikubwa cha kutikisa kiti kidogo, kisha anajifuta macho kwa mkono wa koti lake la zizini. "Basi nimekwisha. Bosi mmoja nyumbani alikuwa ananitosha."

Baukje ana mpango kwa mwaka ujao wa masomo, na anauzungumza haraka haraka, maneno yakigongana. Anataka watoto wa darasa la saba nao waongoze siku ya wazazi. Anataka mzunguko wake upunguzwe uwe mara moja tu asubuhi. Gosse naye ameshaonyeshwa kabati la chumvi, au tuseme ameachwa alitafute.

Lakini tumaini lake kubwa ni dogo. Barabara ya baiskeli ya kwenda Dokkum inapita mbele ya dirisha la darasa hili. Kila Agosti, shule zikifunguliwa, wanafunzi wake wa zamani husimama hapo wakitoka sekondari, na kuingia kumuuliza ratiba inasomwaje, kazi hii ianzwe wapi. Alikuwa akiwawekea biskuti, na anakiri kwamba zile zilikuwa siku zake tamu kuliko zote. Mwaka huu hakutakuwa na biskuti.

"Namwombea Hylkje apite bila kusimama," anasema. "Nitakuwa hapa dirishani. Akinipungia mkono, inatosha kabisa."

Hylkje, ambaye tayari anafunga koti mlangoni, anasikia. Anafikiri kidogo, hakuna anayemsaidia.

"Nitakupungia," anasema. "Ila upepo ukiwa wa mbele, siwezi kuachia usukani. Usinisubiri."