Tanzia za Askari wa Mbao

Podikasti yetu ilikufa bila kutangaziwa kifo, jambo la aibu kidogo kwa watu ambao hewani tulijulikana kwa kutangaza vifo.

Tulikuwa wanne, watu wazima, tunacheza vita mezani. Askari wenyewe ni wa mbao, wana urefu wa kidole gumba. Milima tulitengeneza kwa maboksi ya viatu, mto ukawa kipande cha kitambaa cha bluu, mwendo wa askari tukaupima kwa tepu ya fundi cherehani, na dadu ndiyo iliyoamua nani anakufa. Mie nakaa Goba. Wa pili ni sista mmoja wa Kipawa, karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Wengine wawili walikuwa mtu na mkewe, wakazi wa Chamazi. Mume ni mwalimu wa sekondari, kwao Bara huko kanda ya ziwa, ana sauti nzito ya redio ambayo kwa maoni yangu inapotea bure kwenye jiografia. Mke alikuwa mtu wa kusini, kwenye ukoo wa wachongaji. Askari wote wale alichonga yeye kwa mabaki ya mbao ya kaka yake, akawapaka rangi kwa vibrashi vya rangi ya kucha. Majirani waliwaita midoli. Tulishazoea.

Podikasti ilikuwa ni sie wanne tukisimulia mchezo wa siku hiyo na kubishana kuhusu sheria zake. Wasikilizaji hawakuwa wengi, na baadhi yao walikuwa ndugu zetu tuliowalazimisha. Ila kulikuwa na kipengele kimoja ambacho hata mtu asiyejua mchezo alikuwa anakisubiri. Askari wa maana akifa, Mwalimu anavuta maiki, anakohoa kidogo, anasoma tanzia yake kama zile za redioni mchana: fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani kilichotokea mahali fulani, habari ziwafikie akina fulani popote walipo. Mkewe alikuwaga anacheka mpaka anatoka nje, na mie nilikuwa nakiacha kile kicheko kwenye rekodi kwa sababu ndicho kilichokuwa kinanogesha.

Kisha huyo mke akaugua. Mama yake akaja kutoka kusini kumuuguza, na baada ya miezi michache tukamzika. Hakuna aliyesema podikasti imekwisha. Hatukurekodi tena, basi.

Arobaini ikapita, ndugu wakatawanyika, yule mama akabaki. Mtoto wa kulea hakuwepo, maana hawakujaaliwa. Alibaki kwa sababu mkwe wake hakumwambia aondoke, na mwenyewe hakuuliza. Sasa kwao, mama mkwe na mkwe wake hawakai sebule moja, hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Mwalimu hakukulia desturi hiyo, lakini aliishika tangu siku ya posa na hakuiachia. Kwa hiyo mama anaweka chakula mezani, anatoka kwenda uani, ndipo mkwe anaingia kula. Akihitaji kitu dukani anamtuma mtoto wa jirani akamwambie. Karibu mwaka mzima wakaishi hivyo, nyumba moja, wafiwa wawili, na sidhani kama waliwahi kumtaja marehemu kati yao.

Ndipo Jumatano moja ujumbe ukaingia kwenye grupu letu la WhatsApp, ambalo kwa muda huo lilikuwa limebaki la salamu za Idi na Krismasi. Mwalimu ameandika: "Turudishe podikasti. Jumamosi, kwangu."

Sista wa Kipawa akanipigia hapohapo. "Braza, umeona? Sasa ile ishu ya tanzia tunaifanyaje?"

"Tunaitoa," nikamwambia. "Mtu kafiwa, halafu mkae sebuleni kwake mtangaze vifo vya midoli, na mama wa marehemu yuko uani anachambua mchicha? Haiwezekani."

Akakubali. Nilijiona mtu mwenye busara sana siku hiyo.

Jumamosi tukaenda. Mwalimu akapanga jeshi la mkewe upande wake wa meza, mie na sista tukapanga la kwetu upande wa pili. Maiki nikaivika soksi kupunguza upepo wa feni, nikabonyeza kurekodi. Kwenye uwanja wa mpira wa jirani kulikuwa na mechi, shangwe zikawa zinaingia dirishani kila baada ya muda, na nakiri zile shangwe ndizo zilizokuwa na uhai kwenye rekodi nzima.

Maana hatukucheza. Wapiga mishale wa sista walikuwa uso kwa uso na kikosi cha marehemu, akawageuza wakapiga kilima kisicho na mtu. Mie wapanda farasi wangu waliuzunguka mto kama watalii. Hatukupanga iwe hivyo. Kila mtu mkono ulimgomea mwenyewe. Mwalimu akashinda mchezo, akasema ahsante, tukanywa soda, tukaondoka. Niliposikiliza ile rekodi nyumbani Goba nikasikia watu watatu wanaoogopana. Nikaipandisha mtandaoni hivyohivyo. Msikilizaji mmoja akaandika chini yake: "Siku hizi huko hafi mtu?" Nilikasirika, hasa kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Jumamosi iliyofuata, kabla sijabonyeza chochote, Mwalimu akaweka mikono miwili mezani.

"Mnanibeba," akasema.

Tukajifanya hatujaelewa.

"Wiki iliyopita mmenibeba mgongoni mchezo mzima. Mke wangu alikuwa mtu wa kupigana. Alichonga hawa wapigwe, wafe, wasimamishwe tena. Nyie mmewageuza sahani za kabatini, za kutazama tu. Na tanzia iko wapi? Mie kwenye podikasti hii kazi yangu nini, kuwasalimia wasikilizaji?"

Sista akamjibu taratibu. "Tulimwogopa mama, Mwalimu."

Hapo akanywea. Akatazama mlango wa uani, akashusha sauti, na nadhani ndiyo siku ya kwanza kumsikia akisema shida yake. Shemeji zake walikuwa wanapiga simu kila mara wakimwambia mama arudi kusini, anangoja nini kwenye nyumba ya mkwe, mtoto kashazikwa. Mama alikuwa anawajibu bado kidogo. Bado kidogo ya nini, Mwalimu hakujua, na kwa desturi yao hakuweza kuuliza.

"Akinisikia nafanyia kifo utani humu ndani, atafunga mzigo," akasema. "Na yule mama akiondoka, mie humu nabaki na nani? Ndiye mtu peke yake anayejua mke wangu alikuwa anakohoaje, anapika nini akikasirika. Simtazami, lakini namsikia. Asubuhi nikisikia anafagia, naamka."

"Sasa unataka tanzia au hutaki?" nikamuuliza. Mie si mtu mpole, najua.

"Naitaka. Na yeye namtaka abaki."

Akamtuma sista uani aende kumwomba mama ruhusa ya mchezo wetu, kwa adabu, kama wenyewe wanavyoulizana. Sista akakaa huko kitambo. Alivyorudi akasema, "Amesema mkwe wake asiulize, kwake ni kwake."

"Amesema kwa uso gani?"

"Alikuwa anapepeta mchele, Mwalimu. Uso sikuuona."

"Basi kachukia," akasema, akakaa chini kwa uzito.

Niliudhika kweli. Watu wawili chini ya bati moja, kila mmoja anabahatisha moyo wa mwenzake kupitia kwa karani wa Kipawa. Nikamwambia wazi, heshima gani hii ya kuishi kama wapangaji. Akanijibu kwamba hiyohiyo ndiyo heshima, na mie nisiyemjua mama mkwe wangu hata kwa jina nisimfundishe. Nikabonyeza kurekodi.

Tukacheza, safari hii kwa ukweli. Sista alipoteza kikosi chake chote cha mikuki pale darajani, akalaani dadu, nikafurahi. Kisha ikafika zamu yangu, na wapiga mishale wangu wakawa wametazamana na kamanda wa jeshi la marehemu. Alikuwa ni mwanamke aliyesimama juu ya kisiki, nguo ya njano, mkononi ana kitu tulichokuwa tunakiita mkuki. Nikapima kwa tepu. Nikapima tena, nikiomba pawe mbali. Palikuwa karibu.

Mwalimu akaniangalia. "Piga."

Nikarusha dadu. Ikaja sita.

Nikamlaza kamanda pembeni mwa meza. Mwalimu akavuta maiki, akakohoa.

"Jeshi la Bondeni linasikitika kutangaza kifo cha kamanda wake mpendwa, kilichotokea leo alasiri upande wa kulia wa daraja, baada ya kupigwa mshale. Habari ziwafikie wapanda farasi walioko nyuma ya kopo la maziwa, walinzi wa boksi la viatu, na fundi aliyemchonga, popote alipo."

Pale kwenye fundi sauti ilimkatika. Kule uani ungo nao ukanyamaza. Alikuwa hajasoma sehemu ya mazishi. Akaisoma. "Mipango ya mazishi inafanyika pembeni mwa meza. Ndugu, jamaa na marafiki mnaarifiwa."

Mama akawa mlangoni, ungo mkononi, makapi ya mchele yamemwagika kwenye kanga. Tukasimama, shikamoo mama, shikamoo mama. Mwalimu naye akasimama, akageukia ukuta kama inavyompasa. Nilimuona shingo imelowa jasho. Nikajua yuko pale anasubiri kuambiwa kwaheri.

Mama akamwuliza sista, "Nani huyo aliyefariki?"

"Ni askari tu, mama. Wa mchezo."

"Wa nani?"

"Wa marehemu. Aliwachonga yeye."

"Nimwone."

Nikamchukua kamanda, nikampa. Akabana ungo kwapani, akaenda naye dirishani kwenye mwanga, akamgeuza mbele na nyuma, akamsogeza karibu na macho. Alikaa naye muda mrefu mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

"Hiki kitenge changu," akasema. "Cha njano, chenye majani ya korosho. Nilikivaa kwenye sendofu ya mwanangu, tulipomuaga kwenda kuolewa. Na hii fimbo yangu, ya mguu huu mbovu." Akatugeukia. "Kumbe ni mie."

Hakuna aliyekuwa akijua. Miaka yote ile tumemwita kamanda, tumemuua na kumfufua, na Mwalimu mwenyewe hakujua kwamba mkewe alikuwa anapigana vita vyake vyote chini ya mama yake. Nilimwona anaegemeza paji la uso ukutani.

"Sasa hapa nimekufa mie?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama," sista akasema.

"Na yeye, mwanangu?"

Sista akaitazama meza. "Yeye ndiye mwenye jeshi, mama. Yeye hafi kwenye mchezo."

Yule mama akatikisa kichwa polepole, akikubali. "Basi hapa mmepatia," akasema. "Hivi ndivyo ilivyotakiwa iwe. Nitangulie mie, yeye ndiye anizike." Hakulia. Aliyelia ni mie, mtu mzima na tepu mkononi, na sioni haya kusema.

Kisha akasema, "Baba."

Mwalimu akabaki ukutani.

"Baba, nakuita wewe."

Akageuka. Uso ulikuwa umelowa wote. Wakatazamana, mkwe na mama mkwe, na hakuna aliyeshusha macho.

"Hawa waliobaki," mama akasema, akionyesha askari mezani, "wanaangaliwa na nani?"

"Na mie, mama."

"Peke yako?"

Mama akaweka ungo chini, akavuta kiti, akakaa upande wa Mwalimu, nyuma ya jeshi la mwanawe, akauliza zamu ni ya nani.