Msichana Niliyemfukuza Hakuwa na Mimba

Admin, naomba jina langu ulihifadhi. Nina miaka themanini na moja, ni mwalimu mkuu mstaafu, naishi Manundu, Korogwe. Figo zimechoka na daktari ameacha kunipa matumaini. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeficha jambo hili: msichana niliyemfukuza shule kwa mimba, mbele ya wenzake wote, hakuwa na mimba.

Nitamwita Zuhura. Alikuwa mtoto wa mkulima wa Misima, kidato cha tatu, katika shule niliyoiongoza huko Handeni. Baada ya kufukuzwa aliingia kwenye vikundi vya maigizo, akahangaika miaka mingi akipewa sehemu za kupita na sinia tu. Mwaka jana ndipo alipopata nafasi ya mama mkwe mkorofi kwenye tamthilia, akajulikana. Alipopita Korogwe, wanawake wa sokoni walimzunguka. "Mama mkwe, nimepata mkamwana, njoo unifundishe kumnyanyasa," mmoja alimwambia, wakacheka, wakapiga naye picha.

Furaha hiyo haikumaliza miezi mitatu. Mtu aliyesoma naye aliandika mtandaoni kwamba alifukuzwa kwa mimba. Kwa kuwa hajawahi kuonekana na mtoto, watu wakauliza alimtupa wapi. Akakana. Wakamwambia hapo ndipo anapoigiza vizuri. Wenye tamthilia wamemsimamisha mpaka asafishe jina lake.

Wiki mbili zilizopita alikuja kwangu. Akanipa shikamoo, akakaa mkekani ingawa viti vilikuwepo.

"Mwalimu, sijaja kwa ubaya. Wewe ndiye uliyesoma jina langu mstarini. Niruhusu nikurekodi, useme tu kwamba ulikosea."

"Mwanangu, uzee huu. Mambo ya zamani yamenitoka."

"Mbona nilipobisha hodi umeniita kwa jina, Mwalimu?"

Nikamkaribisha chai. Akaaga kwa adabu, akaondoka.

Ukweli ni kwamba sikukosea. Kila muhula wasichana walipimwa mkojo, na vichupa viliandikwa namba tu ili matroni asijue ni vya nani. Orodha ya majina nilikaa nayo mimi peke yangu. Siku ile matroni aliniambia, "Mwalimu, namba kumi na nne." Nilifungua orodha, nikaona jina, nikafunga mlango wa ofisi. Kisha nikaandika orodha nyingine. Nilimchagua Zuhura kwa sababu baba yake hakujua kusoma, nikaamini hatakuja kuuliza. Alikuja hata hivyo, kwa baiskeli. Hakuuliza. Aliniomba radhi kwa aibu ya mwanawe, nami nikaipokea.

Nikisema Zuhura hakuwa na mimba, nitaulizwa ni nani aliyekuwa nayo. Huyo leo ni mke wa mtu, anaheshimika, na wala hakuniomba nimfiche. Nikinyamaza, Zuhura anabaki bila kazi, nami naingia kaburini na dhuluma yake shingoni. Dini yangu inanifundisha kwamba haki ya mja husamehewa na mwenyewe.

Nishaurini, wanangu. Nimpe Zuhura ukweli wote, hata kama utabomoa nyumba ya mwingine? Sina siku nyingi za kungoja, na siwezi kuwaomba ushauri huku nikiwaficha nusu ya jambo. Namba kumi na nne alikuwa binti yangu wa kumzaa.