Nywele za Mtaa Mzima Ndani ya Boti

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni kinyozi mzuri. Naanza na hilo nisije nikaambiwa nimemsema kwa ubaya tu. Mpe kichwa cha mtoto anayelia, atakurudishia kichwa safi na mtoto amesinzia. Angebaki hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini wapo wanaume ambao wakijua kitu kimoja vizuri huamini wamevijua vyote, na shemeji ndiye mwenyekiti wao.

Chanzo ni baba. Baba yetu alivua samaki maisha yake yote mpaka magoti yalipomkatalia, na siku dada alipoposwa aliuliza swali moja tu: kijana anafanya kazi gani? Akaambiwa. Akanywa chai yake hadi mwisho, akaweka kikombe chini, akasema, "Haya."

Hiyo "haya" iliingia kwenye ndoa ya dada na haikutoka. Baba hakumtukana mkwewe wala hakumnyima salamu. Ila hakuwahi kukanyaga kwenye kibanda chake cha kunyolea. Nywele zikimrefuka alifunga safari hadi upande wa pili wa mji, kwa kinyozi mmoja anayenyoa watu kama anayefyeka majani, na alirudi na mikwaruzo shingoni akipita mbele ya kibanda cha shemeji polepole, kwa sababu ya magoti. Mtaa mzima uliiona ile mikwaruzo na kuielewa. Shemeji naye alikuwa na kiti kimoja cha kunyolea, chenye ngozi nyekundu, akikipangusa kila asubuhi hata kama hakina vumbi. Dada aliniambia mumewe anataka kitu kimoja tu duniani: baba akae kwenye kile kiti.

Mtu mwenye akili angemwalika. Shemeji akajenga boti.

Aliijenga uani, kati ya kamba ya nguo na jiko la dada, kwa mbao za duka lililobomolewa. Ubavu mmoja ulikuwa bado na maandishi ya rangi nyeupe, KARIBU TENA, kichwa chini miguu juu. Watoto walicheza humo, dada alianika vitambaa humo, na mtaa ukampa mwenye boti jina la Nahodha wa Uani. Tulidhani atakasirika. Kumbe alikuwa anaitika.

Siku ya kwanza kuishusha majini, ilijaa kabla waliokuwa wakiisukuma hawajamaliza kuisukuma. Walichukua muda mrefu zaidi kuirudisha nyumbani kuliko ilivyokaa majini. Sasa, kila anayeishi karibu na maji anajua kwamba nafasi kati ya ubao na ubao huzibwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, ikapigwa kwa patasi butu hadi ikae. Ndiko kukalafati. Shemeji alisikia hayo, akacheka.

"Pamba inaoza," aliniambia. "Umewahi kuona nywele zimeoza?"

Nyuma ya mlango wa kibanda chake kulikuwa na gunia la nywele alizofagia, na sijui alikuwa akizitunzia nini. Alizichanganya na lami, akazisokomeza kwenye kila mwanya kwa mpini wa kijiko cha dada. Nywele za muuza mkaa, za mwalimu mkuu, za maharusi, za watoto wa shule, zote zikaingia.

"Kila kichwa cha mtaa huu kimo humu," alisema kwa fahari.

"Isipokuwa cha baba," nikasema.

Alisokomeza nywele nyingine kwa nguvu zaidi, na kosa lilikuwa langu. Nikamuuliza kwa upole kama amemwomba baba ushauri.

"Nimuulize nini, shemeji? Nataka nimwonyeshe. Ukimuuliza mtu huwezi tena kumwonyesha."

Alipoijaribu tena, maji yakaendelea kuingia. Pamba ikinywa maji huvimba na kuubana ubao. Nywele hazinywi, na anayepaswa kulijua hilo kuliko wote ni mtu aliyezilowesha na kuzikausha tangu ujana wake. Kila alipoona dimbwi sakafuni, alipaka lami palepale kwenye dimbwi, kwa ndani, asijiulize maji yamepitia wapi mpaka kufika hapo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Shemeji aliziba pasipo na ufa, na ukuta akaujenga pia, maana lami ilizidi hadi boti ikawa nzito mara mbili.

Ndipo akamwalika baba waende wakavue pamoja. Kwenye boti, si kwenye kiti.

Baba alikuja uani akaizunguka kimya. Alipenyeza ukucha kwenye mwanya mmoja, akavuta, kikatoka kishungi cha nywele. Alikitazama, akakirudisha kwa uangalifu kama mtu aliyefungua barua isiyo yake.

"Umefanya kazi," alisema.

Shemeji alifurahi hadi akakosa pa kuweka mikono. Mimi nilikuwa nimeuona mdomo wa baba ukizuia tabasamu, na barabarani nikamuuliza, "Baba, ile itaelea?"

"Sijui," alisema mtu aliyejua.

"Basi mwambie."

"Mkwe hasemwi. Ni heshima."

Hasira zilinipanda, na bado hazijashuka zote. Heshima ya kumwacha mtu azame mbele za watu ni heshima ya namna gani? Baba aliingoja ile safari kwa hamu, na si kwa sababu alitaka samaki.

Siku ilipofika, mtaa ulijaa ufukweni kana kwamba kuna harusi. Dada alifanya jambo la pekee la busara katika mkasa huu: aliifungua kamba yake ya nguo, ndefu ya kuzunguka ua mzima, akaifunga nyuma ya boti na kushika upande wa pili. Shemeji alilalamika kwamba anafungwa kama mbuzi. Dada aliizungusha kamba kiganjani mara nyingine, basi.

Wakaingia. Shemeji akapiga kasia, baba akakaa mbele yake, magoti yao karibu kugusana. Hawakufika mbali, na maji yalikuwa shwari, kwa hiyo mimi niliyesimama nimelowa hadi mapajani nilisikia kila neno.

"Jua limetulia leo, baba."

"Limetulia."

Ndani ya boti maji yalikuwa vifundoni. Nilimwona shemeji akiinua kisigino, akakishusha. Baba naye akainua kisigino, akakishusha.

"Na upepo hamna."

"Hamna kabisa, bwana."

Ndala moja ya baba ilielea, ikapita katikati yao taratibu. Shemeji aliacha kasia, akaiokota, akampa baba kwa mikono miwili kama inavyotakiwa kwa mkwe. Baba akashukuru, akaivaa. Ikaelea tena. Safari hii waliiacha ipite, wote wawili wakitazama mbali. Ufukweni watu walianza kucheka. Muuza mkaa alipiga kelele kwamba nywele zake zinazama na yeye anazidai. KARIBU TENA ilikuwa imebaki nusu.

Maji yalipofika kwenye ubao waliokalia, shemeji alisema kwa sauti ndogo, "Baba, maji."

"Nimeyaona."

"Tangu lini?"

"Tangu uani kwako."

Shemeji alilaza kasia magotini. Sikuwahi kumsikia akipandisha sauti mbele ya baba, na hata siku hiyo hakuipandisha sana.

"Na ukanyamaza."

"Ungenisikiliza?"

"Ningekusikiliza. Tangu nimwoe binti yako nangoja uniambie neno. Hata baya. Sema kinyozi huyu hafai, nisikie. Wewe unaniambia haya, unaniambia umefanya kazi. Mimi mgeni wako mpaka lini?"

Kicheko kilinikauka. Maji yalikuwa yamewafika tumboni. Baba alivua kofia yake, ile nzuri ya kutokea, akaanza kufua maji nayo, akiyachota na kuyatupa nje. Kofia kuukuu isingebeba hata kikombe cha maji, na ile nzuri haikuwa kubwa zaidi.

"Nywele," alisema huku akimwaga. "Mtu mzima na akili zako, unaziba chombo kwa nywele. Na unapaka lami ndani. Ndani! Umelogwa?"

"Endelea, baba," alisema shemeji.

"Dada, vuta," nikasema, na tukavuta.

Wiki nzima baba alishinda uani kwa dada, amekaa kwenye kigoda, akitukana. Waliipandisha boti juu ya mawe, wakamimina maji ndani, na kwa nje baba akaweka alama ya chaki kila palipodondoka tone. Alama zikawa nyingi kuliko mbao. Shemeji alikwangua lami, akachomoa nywele, akapiga pamba, na kila alipokosea aliambiwa amekosea, tena kwa maneno ambayo dada alitoka jikoni kuyakanya. Sijawahi kumwona mtu akinawiri kwa matusi namna ile.

Boti sasa inavuja kidogo tu, kiasi cha kata moja ya maji. Lakini sikukaa kusimulia boti.

Nilikuwa kibandani siku baba alipoingia. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chekundu, akakaa, akasema, "Nyoa." Wateja waliokuwa kwenye benchi walisimama bila kuambiwa. Na yule kinyozi mzuri, wa watoto wanaolia, mikono ikaanza kumtetemeka. Alinyoa polepole, akapangusa shingo, akashika kioo kidogo kwa nyuma ili baba ajione.

"Vipi, baba? Iko sawa?"

Niliona kutoka mlangoni kwamba haiko sawa. Upande wa kulia ulikuwa umepanda juu ya sikio, wa kushoto umeshuka. Nikashika mlango, nikingoja ile "haya".

"Imepinda," alisema baba. "Kulia. Umenyoa kama mlevi. Rudia."

Shemeji alijifuta macho kwa taulo ya mteja, akachukua mashine, akarudia.