Mgonjwa wa Mwisho wa Siku

Siku yangu ya kwanza, Mkuu wa Wachukuzi alinitazama kuanzia viatu, akaniuliza kama nimewahi kusukuma kitu. Nikamwambia nimesukuma mkokoteni, Tanga.

"Safi," akasema. "Tofauti ni kwamba mkokoteni haulalamiki."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, hospitali kubwa ya London. Nina kidato cha nne na Kiingereza cha kuombea radhi. Kazi yenyewe: kumtoa mgonjwa wodini, kumpeleka eksirei au chumba cha upasuaji, kumrudisha. Nami ni mtu wa nyumbani hasa. Zamu ikikaribia kuisha koti liko mwilini, roho iko nyumbani Thamesmead, kwenye kochi kando ya mke wangu. Wenzangu waliniita Bwana Koti.

Baadaye nikahamishiwa wodi ya figo, chini ya Sista mmoja, muuguzi mkuu wa wodi, asiyecheka. Yeye ndiye aliyenieleza usugu. Vijidudu vikizoea dawa moja, unabadilisha. Vikizizoea zote, kulikuwa na vankomaisini, dawa iliyowekwa akiba kwa siku mbaya. Sasa vilianza kuizoea na hiyo.

"Na baada ya hiyo, Sista?"

"Baada ya hiyo unanawa mikono."

Mgonjwa mwenye vijidudu hivyo alikaa chumba cha peke yake, nasi tuliingia na aproni na glavu. Upasuaji wake uliwekwa mwisho wa siku, ili chumba kisafishwe vizuri kabla ya wengine. Ni utaratibu wenye akili. Ubaya wake ni kwamba siku ikiwa fupi, wa mwisho ndiye anayeachwa.

Mama Furaha alitoka Bukavu, Kongo, akaishi Barking, mashariki mwa London. Mguu wake ulikuwa umeoza kwa ndani, dawa zote zimegonga mwamba, kimebaki kisu. Madaktari walisema wazi: sumu ikiingia kwenye damu, basi. Mara mbili alishinda na njaa akisubiri upasuaji, na mara mbili akaahirishwa.

"Papa, leo tena banasema kesho?"

"Leo tena, mama."

"Njaa itaniua mbele ya kile kidudu."

Mara ya tatu, daktari wa upasuaji alikuwa tayari. Simu ikapigwa: mgonjwa aje sasa hivi, la sivyo wanafunga. Lakini wachukuzi wa jioni walikuwa wachache, wote wameitwa kwenye ajali. Mimi nilikuwa napita kuelekea kwenye lifti, koti mwilini. Sista alilitazama koti langu. Mama Furaha, mlango wake ukiwa wazi, akasema:

"Mwacheni Papa Koti. Bibi yake anamungojea."

Ningekuwa na akili ningemshukuru. Nikavua koti, nikavaa aproni, nikakisukuma kile kitanda nikihema kama kwamba nami nahitaji daktari.

"Polepole, papa, unataka kunivunja na ule muguu muzima?"

Kesho yake Mkuu wa Wachukuzi aliniita. "Nasikia umefanya kazi baada ya zamu. Unaumwa?"

Walimkata mguu chini ya goti, akapona. Ila vijidudu vilibaki tumboni mwake, vimetulia kama wapangaji wasiolipa kodi, na kila aliporudi hospitali alikuwa tena wa mwisho. Miaka ya elfu mbili zikaja dawa nyingine, tukashangilia, nazo zikaanza kuchoka kama sisi. Nilichoka kabla yazo, kusema kweli. Magoti yaliisha, nikastaafu, nikalikalia kochi nililolitamani maisha yote. Linauma mgongo.

Kisha goti likataka kufanyiwa upasuaji. Wakanipitishia pamba puani na kwingine nisikokutaja, kutafuta vijidudu, nesi akarudi na glavu mkononi na sauti ya upole. Sikuhitaji maelezo. Siku ya upasuaji nikashinda na njaa, dirisha likaanza kuingia giza, nikiwasikia wengine wakipita kwenda na kurudi. Nilimwaza Mama Furaha kutwa nzima.

Mlango ukafunguliwa. Mchukuzi mwenyewe binti wa Kikenya, anafunga aproni juu ya nguo za nyumbani.

"Binti," nikamuuliza, "zamu yako inaisha saa ngapi?"

"Imeshaisha, mzee," akasema, akafungua breki ya kitanda.